Baada ya Siku ya Tatu: Maisha ya Kila Siku na Familia ya Mabedui, Wadi Rum

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Mada ya leo ni kwa vijana wanaotaka kwenda kukaa na familia ya Mabedui jangwani kwa wiki kadhaa au mwezi mzima, wala si kwa ule usiku mmoja wa kitalii. Nitajifunga mahali pamoja, Wadi Rum, kusini mwa Yordani, kwa sababu jangwa la Waarabu halina desturi moja. Kahawa ya Mabedui wa Sharqiya kule Omani, ambayo baadhi yenu mmeinywa kwa shangazi zenu Muscat, huja na tende. Ya Wadi Rum ni nyeusi, chungu, na ina sheria zake. Mwenye kuchanganya hufika na adabu za kwa jirani.

Wadi Rum ni majabali ya mawe ya mchanga yaliyosimama wima juu ya tambarare nyekundu. Kijiji cha Rum kiko kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, na Jabal Umm ad Dami, karibu na mpaka wa Saudia, hufika mita 1,854, mlima mrefu kuliko yote Yordani. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Mtu wa pwani akisikia jangwa huwaza joto tu, akapakia mashati mepesi, kumbe usiku wa Januari maji ya kwenye ndoo huganda. Kwa hiyo kabla hujauliza utafikia kwa nani, uliza utakwenda lini. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuchagua: majani yameota, mbuzi wana maziwa, na familia zenye mifugo ziko nje kwenye mahema. Ukienda Agosti utakuta jua la nyuzi 40 na wengi wamerudi kijijini.

Ndiyo, kijijini. Wazalabia wa Rum na Wazuwaida wa upande wa Disi, koo za Mabedui wa hapa, wana nyumba za saruji, umeme, shule ya watoto, simu, na Toyota ya kubebea mizigo. Eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na vijana wengi wanaishi kwa kuendesha watalii. Hema la manyoya lenye mbuzi nyuma yake mara nyingi ni la babu na bibi, pengine na mtoto mmoja ambaye hajaoa, na wajukuu huja Ijumaa na Jumamosi shule zikifungwa. Huko ndiko utakakokaa ukitaka kujifunza maisha ya familia. Zile kambi zenye vitanda na mahema ya duara yanayong'aa usiku ni kazi ya familia, na humo utajifunza utalii.

Sasa jambo ambalo mengine yote yananing'inia juu yake. Kwa Mabedui haki ya mgeni ni siku tatu na theluthi ya siku. Ndani ya muda huo huulizwi shida yako, hushiki kitu, na mwenyeji anawajibika kwa usalama wako hata kama hakujui. Sisi tuna usemi wetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tofauti ni kwamba Bedui hatakupa jembe. Hatasema neno. Siku ya nne utaletewa chai vilevile, utatandikiwa godoro vilevile, na kimyakimya wataanza kukupima. Kijana anayengoja aambiwe atangoja mwezi mzima na kuondoka akisifu ukarimu, na nyuma yake bibi atakuwa amechoka. Basi niliyoyaandaa hapa ni yale unayopaswa kuyajua ili kuanzia siku ya nne uwe mtu wa kutegemewa, mahali ambapo hakuna atakayekuelekeza.

Tuanze na hema, maana ndimo mipaka ilimo. Hema la asili, beit shaar, hufumwa kwa manyoya ya mbuzi weusi. Wanawake hufuma vipande virefu vya upana wa sentimeta 60 hivi, kisha huvishona ubavu kwa ubavu mpaka paa lipatikane. Ukubwa wa hema hutajwa kwa idadi ya nguzo za katikati. Manyoya yakiwa makavu mfumo huachia, hewa na moshi vikapita. Mvua ikinyesha nyuzi huvimba na matundu kujiziba. Hema jipya huvuja mvua ya kwanza, na hiyo si kasoro, ni nyuzi ambazo bado hazijakaa. Usiguse paa kwa ndani likiwa limelowa, maana pale ulipogusa ndipo maji yatakapopata njia.

Mgongo wa hema huelekezwa kwenye upepo, na uso mara nyingi mashariki. Mchana wa joto ukuta wa nyuma hukunjwa juu ili hewa ipite. Jioni hushushwa na pindo lake kufukiwa mchanga. Kazi hiyo mgeni anaweza kuichukua kuanzia siku ya nne bila kuomba. Vigingi vya chuma havishiki kwenye mchanga laini, kwa hiyo kamba hufungwa kwenye jiwe au gunia lililojaa mchanga, likafukiwa kwa kina cha mkono mpaka kiwiko. Chini ya kila nguzo huwekwa kibao, la sivyo hema likilowa na kuwa zito nguzo hudidimia. Fundo la kamba lazima liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja, sababu upepo ukibadilika usiku wa manane hakuna wa kukaa kufumua fundo gumu gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Wala usipige hema bondeni kwenye njia ya maji, hata kama mchanga wake ni mzuri na mbingu ni safi. Mvua hunyesha kwenye majabali usiyoyaona, na mafuriko hufika kwenye jua kali.

Ndani kuna pazia linaloligawa hema sehemu mbili. Upande wa wanaume, shigg, ndiko moto wa kahawa na wageni. Upande wa pili ndiko jiko, unga, maziwa, matandiko na wanawake. Upande upi uko kulia hutofautiana, tazama dele, yaani birika la kahawa, liko wapi. Kijana wa kiume havuki pazia hilo, hachungulii, na akitaka kitu huita mtoto au huinua sauti kutoka nje kabla hajafika. Msichana mgeni ana nafasi kubwa zaidi: huketi na wanaume kama mgeni, na huingia upande wa pili kama mtu wa nyumbani. Kwa maoni yangu yeye ndiye atakayejifunza mara mbili, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzalishaji wa hema, yaani maziwa, ufumaji, mkate, hata kusimamisha hema lenyewe, imo mikononi mwa wanawake. Kijana wa kiume atajua zaidi kahawa, magari, ngamia na maneno.

Kuhusu maneno: Kiarabu cha chuo au cha madrasa kitakusaidia sana kusoma na kidogo kusikia. Kwao kahawa ni gahwa, na wakizungumza wenyewe kwa wenyewe utapotea wiki ya kwanza. Mzee mwite ammi, mama mwenye hema mwite kwa jina la mwanawe wa kwanza, Umm fulani. Usiulize jina la mke wa mtu.

Maji. Hesabu hii ifanyeni pamoja nami. Mbuzi mmoja siku ya joto anataka kama lita 5. Mbuzi 40, lita 200. Watu 6 wakijibana kwa lita 20 kila mmoja, 120. Jumla lita 320, hivyo tangi la lita 1,000 linalobebwa na Toyota halimalizi siku ya nne. Na tangi hilo limefuatwa kwa mafuta ya gari kwenye mchanga, na pengine kwa kulipia. Chini ya miguu yenu hapo kuna maji mengi ya kale, yaliyomo kwenye mwamba wa Disi, ambamo tangu mwaka 2013 husukumwa mita za ujazo kama milioni 100 kwa mwaka kwenda Amman kwa bomba la kilomita 325. Linapita mbele ya watu wanaojaza ndoo.

Kwa hiyo kuoga ni beseni na lita 3, mara mbili kwa wiki, kwa utaratibu huu: uso na shingo kwanza, kisha kwapa, kisha chini, mwisho miguu, na maji ya mwisho hayamwagwi bali husuuzia soksi. Vyombo vyenye mafuta hukorogwa kwanza kwa majivu na mchanga mkavu, vikapanguswa, ndipo maji kidogo yapite. Mwenye kutawadha na maji ni haba anaijua tayamamu, hakuna atakayemshangaa. Msalani ni mbali, nyuma ya mwamba, chini ya mwelekeo wa upepo, na shimo la kina cha shubiri moja. Karatasi haifukiwi, mbwa huifukua. Hurudishwa kwenye mfuko na kuchomwa motoni. Wanawake huenda kabla ya mapambazuko na baada ya magharibi, wawili wawili. Saa hizo kijana wa kiume asitembeetembee upande wao.

Moto huwashwa alfajiri na wa kwanza kuamka. Kuni bora ni mzizi mkavu wa ratam au wa ghadha, vichaka vya mchangani vinavyotoa kaa la kudumu na moshi kidogo. Kukata mti mbichi ndani ya hifadhi ni marufuku, na hata bila sheria mtu wa hapo atakutazama vibaya, kwa sababu kichaka kile kinashika mchanga na kinalisha ngamia. Kusanya vilivyokufa tu. Ukiinua kigogo kivute kwanza kwa mguu uliovaa kiatu, kisha ndipo uweke mkono. Chini yake ndiko nge wanakolala.

Mkate wa kila siku ni shrak. Unga wa ngano, maji, chumvi, bila hamira. Vikombe vinne vya unga kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, kikizidi kidogo kulingana na unga. Ukande mpaka uache kunata, ufunike nusu saa. Madonge ya ukubwa wa ngumi hutandazwa kwa kurushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka yawe mapana kama sinia na membamba kiasi cha kuona mwanga, kisha hutupwa juu ya saj, chuma kilichobinuka mgongo juu ya moto. Nusu dakika, geuza, toa. Ukichanika, donge halikupumzishwa vya kutosha. Ukikauka na kuvunjika, saj ina moto mdogo na mkate umekaa mno. Mgeni asijaribu kurusha mbele ya watu wenye njaa. Aanze kwa kulisha moto, kazi inayotaka akili kwa kuwa saj hutaka miali midogo iliyotawanyika, kaa peke yake huunguza katikati.

Ukiwa machungani na hakuna saj, kuna arbud. Unga ule ule ila mgumu zaidi, umefanywa bapa la unene wa vidole viwili. Choma moto mkubwa juu ya mchanga kwa nusu saa au zaidi, sogeza kaa pembeni, laza bapa juu ya mchanga wa moto, lifunike kwa majivu, kisha kaa juu. Dakika 10 hadi 15, fukua, geuza, funika tena muda huo huo. Ukiligonga likatoa sauti ya uwazi, limeiva. Lipigepige kwa kitambaa majivu yaanguke. Mchanga ukikaa mdomoni ujue unga ulikuwa laini mno, au bapa liliwekwa kabla uso wake haujakauka kidogo. Huvunjwa moto moto na kupakwa samli.

Sasa mbuzi, na hapa nitakaa. Huzaa majira ya baridi, hivyo maziwa ni mengi kuanzia Februari mpaka Mei, kisha hukatika. Alfajiri mbuzi wa kukamwa hufungwa kwa kamba ndefu, vichwa vikikabiliana, shingo moja huku na nyingine kule, mpaka ipatikane safu mbili zilizoshikamana. Wakiwa hivyo hawawezi kurudi nyuma wala kupigana. Mkamaji hupita nyuma yao na chungu. Kazi ya mgeni ni kushika kamba na kutenga vitoto, maana kitoto kikifika kwanza umekosa maziwa, na kikinyimwa kabisa umemkosa mbuzi wa mwakani. Wenye hema hukama chuchu moja wakakiachia nyingine, au hukama asubuhi na kuacha jioni.

Usinywe maziwa mabichi, hata ukipewa yakiwa na povu na kila mtu anakutazama. Ugonjwa wa brusela upo kwa mbuzi wa Yordani, na homa yake huja na kuondoka kwa miezi pamoja na maumivu ya viungo. Sema tumbo lako linataka yaliyochemka. Watacheka, watachemsha.

Maziwa hupashwa moto, yakapoa mpaka kidole kivumilie, yakatiwa mtindi wa jana na kufunikwa blanketi. Siku ya pili mtindi huo hutiwa kwenye kiriba cha ngozi ya mbuzi, nusu tu, kikapulizwa hewa, kikafungwa na kuning'inizwa kwenye miti mitatu. Kisha kinasukumwa mbele na nyuma, saa nzima au zaidi. Hufanywa alfajiri kukiwa na baridi. Jua likipanda siagi huyeyuka na kutawanyika, haikusanyiki tena hata usukume mpaka adhuhuri. Kukiwa na baridi kupita kiasi haitoki, na hapo hutiwa maji ya uvuguvugu kikombe kimoja. Sikiliza sauti: mwanzo ni maji yanayocheza, mwisho ni mdundo mzito wa vipande. Mgeni mwenye mikono miwili na subira hapa ndipo anapopendwa, kwa sababu watoto wote huikimbia kazi hii.

Siagi hukusanywa, ikayeyushwa na bulga, yaani ngano iliyochemshwa na kupondwa, pamoja na bizari. Bulga hunyonya maji na uchafu, ikazama, na juu hubaki samli safi ya kuweka mwaka mzima. Ile bulga ya chini hailiwi na mbwa, huliwa na watoto, na ni tamu.

Maziwa yaliyobaki kwenye kiriba huchemshwa polepole mpaka yagandamane, yakamwagwa kwenye mfuko wa kitambaa na kuning'inizwa usiku kucha. Asubuhi mgando ule mzito hukandwa kwa chumvi nyingi, nyingi kuliko unavyodhani, ukafanywa madonge ya ngumi na kuanikwa juu ya paa la hema. Hiyo ndiyo jamid. Madonge makubwa mno hukauka nje na kuoza ndani. Chumvi ikipungua nzi hutaga. Kila siku hugeuzwa, na ukiona ufa unaotoa unyevu, donge hilo huliwa leo. Likikauka sawasawa huwa gumu kama jiwe na hudumu zaidi ya mwaka. Kwa kulitumia hulowekwa usiku, likasuguliwa ndani ya maji, likachujwa, likachemshwa huku likikorogwa bila kuachwa mpaka lianze kutokota; ukiliacha kidogo hukatika likawa chengachenga. Mchuzi huo ndio unaopika nyama ya mansaf, chakula ambacho UNESCO ilikiandika kwenye urithi usioshikika mwaka 2022.

Kupeleka mbuzi machungani si kazi ya kumpa mgeni peke yake, na ukipewa ukatae. Fuata mchungaji. Tembea pembeni na nyuma kidogo, kamwe usitangulie, maana watakufuata wewe badala ya majani. Wazuie na mifuko ya plastiki karibu na njia za magari, huwaziba tumbo wakafa taratibu, na oleanda yenye maua ya waridi kwenye mabonde yenye unyevu, hiyo ni sumu. Adhuhuri wote hulala kivulini. Jioni wahesabu kimoyomoyo, usihesabu kwa sauti mali ya mtu, na ukisifu mnyama tanguliza mashaallah.

Ngamia nitawapitisha upesi. Wengi siku hizi ni wa watalii na wa mashindano. Huachwa wakiwa wamefungwa miguu ya mbele kwa kamba fupi ili wasifike mbali, na kila ukoo una alama yake ya kuchoma. Usisimame nyuma yake, wala usimkaribie dume majira ya baridi anapotoa povu mdomoni.

Kahawa, sasa. Hii ni ya wanaume, na ni mahakama kuliko kinywaji. Buni mbichi konzi mbili hukaangwa kwenye kikaango chenye mpini mrefu juu ya kaa, zikikorogwa bila kukoma, kama dakika 10 hadi 15. Zikiachwa sekunde chache nusu huungua na nusu hubaki mbichi, na ladha ya moshi haitoki tena. Huwekwa zipoe kabisa, kwani buni ya moto ikipondwa hutoa mafuta na kunata. Kisha kinu cha mti. Mpondaji hupiga kwa mdundo, mara ukingoni, mara katikati, na mdundo huo huwaambia majirani kwamba kuna kahawa na waje. Maji yachemke kwanza kwenye dele kubwa, unga utiwe, utokote taratibu robo saa au zaidi, utulie. Ya juu humiminwa kwenye dele dogo lenye iliki iliyopondwa, na hapo haichemshwi tena kwa nguvu, iliki huchacha. Kwenye mdomo wa dele hupachikwa nyuzi za mtende kuchuja. Sukari haingii.

Mwenye kumimina hushika dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia. Hunywa kwanza yeye, ili watu waone ni salama. Kisha mgeni mkubwa, au kuanzia kulia. Kikombe hutiwa theluthi tu. Ukijaziwa mpaka juu ujue unaambiwa unywe uondoke. Pokea kwa kulia. Cha kwanza ni cha ugeni, cha pili cha raha, cha tatu cha upanga, yaani uko pamoja nao kwenye shari. Ukitosheka tikisa kikombe mara mbili tatu huku ukikirudisha, usipotikisa utaendelea kumiminiwa. Na hili msilisahau: mgeni akikiweka kikombe chini bila kunywa, ametangaza kwamba ana haja, na mwenyeji analazimika kuiuliza na kuishughulikia. Wapo wageni waliokiweka chini ili wafunge kamba ya kiatu, baraza zima likanyamaza. Ukiwa na kahawa mkononi, kamba ya kiatu ingoje. Chai nyeusi yenye sukari nyingi na majani ya maramia haina sheria hizo, hunywewa tangu alfajiri mpaka usingizi, na kuimimina ni kazi nyingine ya mgeni wa siku ya nne.

Sinia ya wageni huliwa kwa mkono wa kulia, kila mtu mbele yake. Mwenyeji atasimama na kukusukumia nyama. Msimalize. Sinia ikitoka hapo huenda kwa vijana, kisha upande wa pili wa pazia, na mgeni anayefagia nyama kwa kudhani anaonyesha shukrani amekula chakula cha bibi aliyeipika.

Hatari chache zinazohitaji kusemwa wazi. Viatu na blanketi vikung'utwe kila mara. Nge wa manjano wa huko ana sumu kali. Mtu akiumwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, mtulize asitembee, mpakieni kwenye gari kwenda hospitali Aqaba, kama saa moja. Mtoto mdogo aende hata kama anaonekana mzima. Ukipotea usitembee: panda mahali pa kuonekana, kaa kivulini, alama zako za tairi na nyayo zitasomwa. Gari likizama mchangani usikanyage mafuta, linachimba kaburi lake. Punguza upepo wa tairi mpaka kama psi 15, futa mchanga mbele ya magurudumu manne, toka polepole kwa gia ndogo, na ujaze upya ukifika lami.

Picha: mandhari piga upendavyo, wanaume uliza, wanawake usipige, na msichana aliyeruhusiwa kupiga upande wa pili asizipeleke popote. Hizo zimevunja urafiki wa miaka.

Kulikuwa na maswali mawili yaliyoandikwa kabla. La kwanza: msichana anaweza kwenda peke yake? Aende kwa familia yenye mama na mabinti hemani, iliyotambulishwa na mtu anayeijua, alale upande wa wanawake tangu usiku wa kwanza, na asikubali kutolewa "kuona nyota" na mpwa yeyote wa mwenyeji. Akishakaa upande ule, bibi mwenyewe ndiye mlinzi, na hakuna mkali kumzidi.

La pili: unalipaje? Ukimpa mzee pesa mkononi mbele ya watu umemfanya mwenye hoteli. Zungumza mapema na kijana wa familia aliyekupokea, na mkubaliane gharama ya maji, chakula na mafuta ya gari, umpe yeye. Ukifika, peleka kwa mama mwenye hema sukari kilo 10, majani ya chai, buni mbichi kilo 2 na iliki. Vitu hivyo haviitwi malipo. Ukiondoka acha vya kazi ulivyokuja navyo: taa ya kichwani na betri za akiba, kisu kizuri, blanketi. Nguo zilizochakaa ondoka nazo.